Toa Ukurasa, Teketeza

Kwa Khaw, Navaratnam na Wenzao, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu la mtaa wa Lebuh Pantai mjini George Town, ukitaka kusoma sheria ilikupasa kwanza upate kibanio cha nguo. Vilikuwa vitatu, vya mbao, vikining'inia kwenye uzi juu ya meza ya Cheah Swee Lan, mtunza maktaba wa kampuni. Leseni mpya iliruhusu watu watatu tu kuingia kwenye mtandao wa sheria kwa wakati mmoja, na mawakili walikuwa kumi na mmoja. Wa nne akijaribu kuingia, mfumo ulimtupa nje mmoja wa wale watatu bila hata samahani, mara nyingine katikati ya sentensi. Wiki ya kwanza watu walipigiana kelele ngazini, "Nani yumo? Toka basi, umekaa humo kama umeingia chooni na gazeti!" Wiki ya pili Swee Lan akaenda dukani akanunua vibanio. Mwenye kibanio kwenye kola aliingia, asiye nacho alisubiri, na amani ikarudi kiasi.

Swee Lan alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia katika chumba kile. Mwembamba, mwepesi wa miguu, na kutulia hakujua. Hata akiketi, mguu mmoja uligonga sakafu. Tangu rafu za vitabu zilipoanza kuondolewa kupisha mtandao, mguu ule haukuwa umepumzika.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana, akasikia viatu vikipanda ngazi mbiombio. Aliyeingia alikuwa Wakili Izzati, binti wa miaka ishirini na saba, mvua imemlowesha hijabu, joho la mahakamani amelibana kwapani kama taulo.

"Anti, nimeumbuka."

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Nile nini, Anti? Nimeumbuka mbele ya jaji! Nimesimama pale kifua mbele, nasema mteja wangu analindwa na kanuni ya kumi na nne. Yule wakili wao akanyanyuka polepole, kama mtu anayefuata chai. 'Mheshimiwa, naomba msomi mwenzangu atusomee hiyo kanuni, kutoka karatasi aliyoichapisha mwenyewe.' Nikasoma. Hamna kitu! Fungu la tatu halimo!"

Swee Lan akanyoosha mkono, akapewa ile karatasi iliyolowa. Hakuhitaji miwani kuliona kosa. Izzati alikuwa amechapa sheria ya leo.

Mteja mwenyewe alikuwa Che Som, mjane wa miaka sabini na mmoja, ambaye kila mtu ofisini alimwita Mak Som, yaani Mama Som. Mwaka 1991 yeye na marehemu mumewe walijenga nyumba ya mbao kwenye ardhi isiyo yao, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, kama walivyofanya majirani zao wote. Mwenye ardhi akafa, watoto wake wakaiuza kwa kampuni ya majengo, na kampuni ilitaka uwanja mtupu. Wakati nyumba ile inajengwa, kanuni za jimbo zilisema kwamba aliyejenga kwa ruhusa hataondolewa mpaka apewe kiwanja kingine. Fungu hilo lilifutwa mwaka 2003. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: sheria ilisema nini mwaka 1991? Na Izzati alikuwa ameliuliza kwenye skrini. Hilo ni kosa la waliozaliwa na skrini. Kitabu cha zamani kilikuwa na tarehe chini ya kila ukurasa, inakukodolea macho utake usitake. Kwenye skrini sheria haina umri. Inajitokeza safi imenyooka, unadhani imekuwa hivyo tangu dunia iumbwe.

"Jaji kasemaje?"

"Kasema, 'Wakili, sina shaka unaamini unachosema, lakini mahakama haiamui kwa imani. Niletee maandishi ya wakati ule Jumatatu saa tatu asubuhi, la sivyo nitaamua kwa yaliyopo.' Na yaliyopo, Anti, ni Mak Som kutoka ndani ya siku thelathini, mikono mitupu."

"Gazeti rasmi la mwaka ule?"

"Nimepita maktaba ya jimbo. Juzuu limepelekwa kushonwa upya. Kuala Lumpur wanasema wiki mbili."

Swee Lan akachukua kibanio kimoja, akakibana kwenye kola yake, akaingia mtandaoni. Akatafuta kanuni ya kumi na nne, akabonyeza mahali palipoandikwa "matoleo ya awali". Mwezi uliopita, chini ya leseni ya zamani, pangefunguka orodha ndefu ya miaka. Sasa pakatokea kisanduku cha kijivu na maneno ya adabu sana: Maudhui haya hayamo katika kifurushi chako.

Akampigia Terence Goh, kijana wa mauzo wa kampuni ya maudhui, ile inayochapa sheria na kukodisha mtandao wake, akaiweka simu mezani ili Izzati naye asikie.

"Anti Swee! Habari za siku? Mmefurahia mfumo mpya?"

"Terence, kanuni za mwaka 1991 ziko wapi?"

"Aa. Hiyo ni historia, Anti. Historia tumeitoa kwenye kifurushi cha msingi. Inasafishwa, itakuja kama kifurushi chake, labda mwakani."

"Nifungulie kwa siku moja tu."

"Hata mimi sina, Anti, wallahi. Imeondolewa kwenye mitambo yote." Terence alikuwa Mkristo, lakini alikuwa amefanya kazi na Waislamu kiasi cha kuazima viapo vyao. "Unajua siku hizi sheria hununui. Unaikodi. Ukihama nyumba, unaacha na mapazia."

"Mapazia niliyashona mimi," Swee Lan akasema, akakata simu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mchana ule kampuni nzima ilikuwa imebaki nyuma wazi. Izzati akaenda kuosha uso. Swee Lan akabaki ameketi, mguu ukigonga sakafu kwa kasi ambayo hata mwenyewe ilimwogopesha. Maana alijua ule ukurasa ulikuwa wapi.

Hebu tueleze kazi yake ilivyokuwa. Kabla ya mtandao, na kabla ya sahani za kompyuta ambazo zilijifunga zenyewe kila miezi mitatu mpaka ulipie tena, sheria ilikuja kwa posta, na kwa kampuni hii iliendelea kuja hivyo mpaka rafu zilipoanza kuondolewa. Yalikuwapo majalada mazito yenye vyuma vya kufungua na kufunga, na kila miezi minne ilifika bahasha ya karatasi mpya pamoja na orodha ya maelekezo: toa kurasa 211 hadi 240, weka kurasa 211 hadi 246, teketeza zilizotolewa. Swee Lan alifungua vyuma, akatoa, akaweka, akafunga. Halafu alisaini kadi ya rangi ya waridi iliyosema, "Nathibitisha kwamba kurasa zilizotolewa zimeteketezwa," akairudisha kwa posta, nakala yake akaibakiza kwenye faili. Alisaini karibu kadi mia moja, na kila moja ilikuwa ya uongo.

Hakuwa mkaidi. Mara ya kwanza alikusudia kweli kuzichana, akiwa bado msichana, kazini miezi minne. Lakini pembeni mwa kurasa zile alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo za uangalifu, kesi ipi imeitafsiri kanuni ipi, na jaji gani alikataa. Mkono ukagoma. Akazitia kwenye kopo la biskuti, lile refu la mraba, akalisukuma chini ya ngazi. Kesho yake alitaka kumwambia bosi, akaona aibu. Mara ya pili haikumsumbua tena. Sasa makopo yalikuwa kumi na moja.

Na wiki mbili tu zilizopita, Wakili Navaratnam, mkuu wa kampuni, alisimama pale mlangoni na mkataba mpya mkononi. "Swee Lan, hapa wanataka nithibitishe kwamba hatujabakiza nakala yoyote ya maudhui yao ya zamani. Tumebakiza kitu?" Naye akajibu, bila hata kupepesa macho, "Hapana, bosi." Bosi akasaini.

Kwa hiyo akikaa kimya, Mak Som atatoka. Akisema, itajulikana kuwa amedanganya miaka thelathini na mitatu na amemsainisha bosi wake uongo, na ikiwa kampuni ya maudhui itakata leseni, mawakili kumi na mmoja watakuwa hawana hata kibanio cha kugombania. Kazi yake itakwenda, hilo alikuwa na hakika nalo. Aliogopa, tusimpambe. Aliogopa sana.

Siku ile aliondoka bila kuaga. Alishuka, akazunguka soko la Chowrasta mara mbili akinunua mboga asizozihitaji, akasahau mwavuli, akaurudia, akasahau mboga.

Ijumaa asubuhi, kabla mawakili hawajafika, Mak Som akaja. Alipanda ngazi akihema, na mkononi ana mfuko wa vikeki vya mchele vilivyofungwa majani ya mgomba, kwa kuwa hakuwahi kuja mikono mitupu. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kijani kibichi.

"Izzati yupo?"

"Bado, Mak. Keti."

"Sikai sana, rangi itakauka kwenye kopo." Akaviweka vile vikeki mezani. "Nina swali dogo tu. Nimeanza kupaka mlango na madirisha, maana sikukuu imekaribia na wajukuu wanakuja kutoka Kulim. Nimemaliza mlango. Sasa nauliza: niendelee na madirisha, au niache? Jana mtoto wa watu kanipigia simu, sauti imemkauka, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mtu akikwambia hivyo kwa sauti ile, una haki ya kuwa na wasiwasi."

Swee Lan akaviangalia vidole vile. Rangi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kucha.

"Madirisha mangapi, Mak?"

"Sita."

"Paka."

"Una hakika, binti yangu?"

"Paka yote sita," Swee Lan akasema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia.

Mak Som alipokwisha kushuka, Swee Lan akachukua tochi, akaenda chini ya ngazi. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na yeye aliinama mpaka goti likalia. Akayatoa makopo moja moja, yametanda utando wa buibui, mengine kutu imekula pembe. Hakuwa amepanga kwa mwaka. Alikuwa akijaza tu, kama mtu anayeficha, si kama mtunza maktaba, na sasa aliona haya kwa fujo ile kuliko kwa uongo wenyewe. Kopo la kwanza, sheria za kampuni. La tatu, kodi. La tano lilikuwa limeingiwa na mchwa na ndani mna vumbi la kahawia tu. La saba, ardhi. Akapekua, akizipita kurasa, akirudi, akizipita tena. Ukurasa wa 214. Chini yake ilichapwa tarehe ya toleo, Januari 1989. Fungu la tatu lilikuwapo, mistari minne, na pembeni mwandiko wake wa ujana: alama ya nyota na jina la kesi moja ambayo hakuikumbuka tena. Juu kabisa, kwa penseli hiyohiyo, tarehe aliyoutoa, mwezi wa tano 2003.

Akaketi sakafuni, akalia kidogo, halafu akajifuta pua kwa mkono wa blauzi.

Izzati alipouona ukurasa alipiga ukelele uliomtoa Wakili Navaratnam chumbani kwake. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye nyusi nene zilizosema hasira kabla ya mdomo. Akausoma ukurasa, akaugeuza, akausoma tena. Kisha akayatazama makopo kumi na moja yaliyopangwa sakafuni.

"Swee Lan, nilikuuliza."

"Uliniuliza, bosi."

"Ukasema hapana."

"Nikasema hapana."

"Miaka thelathini na mitatu nimekuamini kuliko mke wangu!"

"Mkeo hakukuwekea ukurasa wa 214, bosi."

"Usinichekeshe! Nimekasirika." Akavuta kiti, akakaa kwa kishindo. "Sikilizeni wote wawili. Ukurasa peke yake ni karatasi tu. Wale wenzetu watasema tumeuchapa jana. Ili jaji aukubali, aliyeutoa kwenye jalada lazima ale kiapo: niliutoa siku fulani, ukakaa mahali fulani, haukuguswa. Na atakayekula kiapo hicho ataulizwa juu ya zile kadi. Jumatatu tukiupeleka, Jumanne barua ya wenye maudhui itakuwa mezani kwangu. Tusipoupeleka, hakuna atakayejua kitu."

Chini barabarani gari la makaratasi makuukuu lilikuwa likipita na kipaza sauti chake, likiomba magazeti, betri mbovu na chuma chakavu, na wote watatu wakalisikiliza mpaka likatokomea.

"Jina litakalochafuka ni lako," bosi akasema, safari hii taratibu. "Unasemaje?"

"Nimeshamwambia apake rangi."

Wakili Navaratnam akaurudisha ukurasa mezani. Kisha akamgeukia Izzati. "Andika hati ya kiapo. Na aseme yote, uambatishe nakala za kadi zote. Kiapo hakina nusu."

Jumatatu mahakama ya Lebuh Light ilikuwa na baridi ya mashine, na Swee Lan alivaa sweta juu ya gauni lake la harusi za watu. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kupoteza muda. Wakili wa kampuni ya majengo, yule wa kunyanyuka polepole, alinyanyuka polepole.

"Bi Cheah, hii kadi ya waridi ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Inasema umeteketeza kurasa. Uliziteketeza?"

"Hapana."

"Na hii? Na hii hapa?"

"Zote, wakili. Usijichoshe. Zote nimedanganya."

Watu wakacheka nyuma. Wakili hakucheka. "Kwa hiyo wewe, kwa kukiri mwenyewe, ni mwongo wa miaka thelathini na mitatu. Kwa nini mahakama ikuamini leo?"

Hapo ndipo Swee Lan alipoona mguu wake haugongi. Ulikuwa umetulia kwenye mbao za kizimba, na hakujua umetulia tangu lini.

"Isiniamini mimi," akasema. "Iangalie karatasi. Mimi nilisema imeteketezwa, na hiyo hapo. Nilidanganya kwa sababu nilishindwa kuichana. Ningekuwa mkweli, wakili, leo usingekuwa na cha kuniuliza, na yule mama pale asingekuwa na dirisha."

Jaji akauomba ukurasa. Akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama matundu ya vyuma yaliyochakaa kingo, tarehe iliyochapwa chini, njano ya karatasi iliyokolea kwenye kingo kuliko katikati. Akauliza mwandiko wa penseli ni wa nani. Akaambiwa. Akaandika kitu, akaamuru ukurasa upokelewe kuwa kielelezo.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Mak Som asingeondolewa mpaka apewe kiwanja, na mpaka leo kampuni ile bado inakitafuta kiwanja hicho. Alikuja ofisini na vikeki vya kutosha ofisi tatu. Izzati alimkumbatia Swee Lan mpaka akampinda miwani.

Barua ya wenye maudhui ilikuwa imefika Jumanne ileile, kama bosi alivyotabiri. Haikuwa na neno hata moja la ukali, ndiyo maana ilitisha. Baada ya simu nyingi wakapatana: leseni haitakatwa na mtunza maktaba hatashitakiwa, ila kilichobaki kwenye makopo kiteketezwe kweli, mbele ya mwakilishi wao. Bosi hakumfukuza Swee Lan. Alimnyima tu bashasha kwa miezi miwili, na kwa mtu mpole vile hiyo ilikuwa adhabu.

Mwakilishi alikuwa Terence. Alikuja na kahawa ya barafu mbili kwenye vifuko vya plastiki vyenye kamba, moja yake, moja ya Swee Lan, na hakuweza kumtazama usoni.

"Anti, mimi natumwa tu."

"Najua. Shika kopo."

Wakatia karatasi kwenye mashine ya kukatakata, kumi kumi, kutwa nzima. Mashine ilipata moto kila baada ya robo saa ikagoma, ikabidi wasubiri ipoe. Katika kusubiri huko Swee Lan alisoma pembe za kurasa zake, jaji huyu alikubali, jaji yule alikataa, hapa nilikuwa na homa ndiyo maana mwandiko umelala. Aliona uchungu usio na jina, uchungu wa kipuuzi, maana hakuna aliyekufa. Ilipotimu saa kumi na moja Terence akaandika kwenye fomu kwamba ameshuhudia. Hii ndiyo ilikuwa kadi ya kwanza ya kweli, na Swee Lan akaisaini.

Miezi minane ikapita. Rafu zilikwisha, mahali pake pakawekwa mmea kwenye chungu. Vibanio vikabaki vitatu.

Asubuhi moja Mak Som akaja tena, na safari hii nyuma yake alikuwako mzee mfupi, kofia mkononi. Huyu ni Pak Shuib, akasema, jirani yangu wa nyumba ya nne. Kampuni imemletea barua kama yangu. Izzati anataka ukurasa ule tena.

"Ukurasa uko mahakamani, kwenye jalada la kesi yako, Mak," Swee Lan akasema. "Lakini ngoja. Nasikia ile historia yao imetoka."

Akabana kibanio kwenye kola. Akaandika kanuni ya kumi na nne, akabonyeza "matoleo ya awali". Orodha ya miaka ikafunguka kweli, ndefu, ya kupendeza. Akachagua 1991. Pakatokea picha ya ukurasa, imetiwa ukungu usisomeke, ila juu na pembeni ukungu haukuwa umefika vizuri. Swee Lan akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Pembeni palikuwa na nyota ya penseli. Juu palikuwa na tarehe, mwezi wa tano 2003, tano yake ile yenye mkia mrefu, maana tangu shuleni mwalimu alikuwa akimgombeza kwa mkia ule.

Chini ya picha paliandikwa kwa adabu sana: Maudhui haya hayamo katika kifurushi chako. Wasiliana na mwakilishi wako.

Akawasiliana.

"Terence, huo ukurasa wa 214 mmeutoa wapi?"

"Kwenye kumbukumbu za kesi, Anti. Vielelezo viko wazi, kitengo cha historia kiliomba nakala. Wao hawakuwa nao tena. Yaani, ni ule wako."

"Basi nifungulie."

"Anti Swee. Karatasi ilikuwa yako. Maudhui si yako."

"Na ule mwandiko wa penseli? Nao ni maudhui?"

"Hilo," Terence akasema, kwa sauti ndogo, "itabidi niulize makao makuu."

Swee Lan akakata simu. Mguu ulikuwa umeanza kugonga sakafu. Akakivua kibanio, akakirudisha kwenye uzi, na kabla hajakiachia, wakili mmoja aliyekuwa akisubiri akakidaka. Akafungua droo, akatoa penseli mbili, rula na daftari la mistari, akavaa sweta lake.

"Pak Shuib, unaweza kutembea hadi Lebuh Light?"

"Naweza, binti. Magoti yangu bado yananiheshimu."

"Haya twende. Mak, wewe kaa ule."

Kwenye masjala ya mahakama karani aliwaambia kwamba nakala ya mashine huombwa kwa barua na huchukua siku tano za kazi. Kusoma jalada, ukiwa na barua ya wakili, ni ruhusa hapohapo, kwenye meza ile, bila simu. Swee Lan alikuwa na barua, aliyoichukua kwa Izzati kabla ya kushuka. Wakaletewa jalada, na ndani yake, kwenye mfuko wa plastiki wenye namba ya kielelezo, mlikuwa na ukurasa wa 214, wa njano kuliko alivyouacha.

"Na kuandika kwa mkono?" akauliza.

Karani akapandisha mabega. "Hakuna aliyewahi kuuliza. Andika tu, Anti."

Akachonga penseli. Pak Shuib akaketi mkabala naye, akishika pembe ya daftari lisisogee, akimtazama kama mtu anayetazama mlango wake ukipakwa rangi. Swee Lan akanakili kichwa cha kanuni, fungu la kwanza, la pili, na mistari minne ya fungu la tatu, polepole, koma kwa koma. Akanakili tarehe ya chini. Alipofika pembeni, penye ile nyota, akaichora nayo.